Tangazo la Msiba wa Mzee Kalinga

Jumatatu, 24 Februari
Nimepalilia mahindi mpaka jua likawa kali. Mgongo bado mzima. Vijana wa hapa Idodi hawaniwezi kwa jembe. Masanja kala ugali, karudi bandani kwangu shambani, kando ya mto. Msukuma huyu, mfugaji wa kule Usangu. Aliwaona kwa macho yake waliowachomea wafugaji nyumba zao, na aliyetoa amri anamjua. Mwanangu Neema ni wakili Mbeya, kamficha kwangu mpaka siku ya kutoa ushahidi. Wakili mzima, siri kaileta kwa baba yake. Hata marehemu mke wangu angekuwepo nisingemwambia.

Jioni ujumbe kwenye simu. Namba siijui. Mzee Kalinga wa Ifunda, shemeji yangu, amefariki, bonyeza hapa uone ratiba ya mazishi. Nimebonyeza. Pakawa peupe tu. Nimeutuma kwa ukoo mzima, na kwa Neema. Kwetu habari ya msiba haikaliwi, ukiipata unaipeleka. Nimekuwa wa kwanza kutangaza.

Jumatano, 26 Februari
Ifunda. Nimekwenda na koti jeusi na debe la mahindi. Marehemu nimemkuta kilabuni anakunywa ulanzi. Kaniangalia, kaangalia debe. "Shemeji, lete hiyo rambirambi niile mwenyewe, hawa wengine watanimalizia." Kilabu kizima kikacheka. Nimerudi na debe langu. Sijazoea kuchekwa mimi.

Simu inachemka mfukoni kama kiazi. Bando nililonunua juzi limekwisha. Nimemgombeza muuza vocha.

Ijumaa, 28 Februari
Neema kapiga, si kwangu, kwa jirani yangu mwinjilisti. Nimeitwa niende kuongea kwa simu ya watu.

Anasema tangazo hakulibonyeza. Alipiga kwanza nyumbani kwa Kalinga kuwapa pole, akapokea Kalinga mwenyewe. Ujumbe akampelekea Bahati, mtaalamu wao wa kompyuta. Bahati kasema humo mna programu ya kijasusi. Ukibonyeza, inaingia kimya. Inasikiliza, inasoma, inajua ulipo. Si ya wezi wa pesa za simu. Ya namna hii hununuliwa na serikali. Ya wapi, hawajajua. Kwa Neema walishindwa kuingia, wakapita kwangu.

"Baba, zima simu. Usifute kitu, ni ushahidi. Na usimpigie Masanja. Kesho nakuja kumhamisha."

Nimemwambia sawa. Moyoni nimekataa. Nimemzaa mimi, aje anifundishe simu? Simu ya kupangusa hapa kijijini nilikuwa nayo kabla ya mwalimu mkuu.

Mvua inanyesha, shambani mbali. Nimempigia Masanja, ana kasimu kake kadogo ka tochi. Nimemwambia asitoke bandani pale kando ya mto, Neema anamfuata kesho. Nimemweleza kwa kirefu ili aelewe. Ndipo nikazima.

Jumamosi, 1 Machi
Asubuhi gari limepita. Jeupe, vioo vyeusi. Halikusimama kumuuliza mtu njia. Lilikwenda moja kwa moja mpaka bandani.

Nimefika wameshaondoka. Godoro limechanwa. Sufuria imepinduliwa, ugali umekanyagwa. Masanja hayupo. Kasimu kake kamezimwa au kamechukuliwa. Neema kafika mchana, tumeita kando ya mto mpaka sauti zikakauka.

Kaniuliza mara moja tu kama nilimpigia. Nimesema ndiyo. Hakufoka. Bora angefoka.

Jumanne, 4 Machi
Mbeya, ofisini kwa Neema. Bahati kaiunga simu yangu kwenye kompyuta yake. Binti mdogo, angekuwa kitinda mimba wangu. Juu ya kioo cha simu huoni chochote, picha zangu zote zipo, za ng'ombe na za Pasaka. Ndani imeoza. Kanionyesha mistari, nikaona ni mchwa tu. Kanieleza polepole: simu ilirekodi sauti, ikaituma nje, Ijumaa, wakati ule ule nilipompigia Masanja.

Sauti yangu hiyo. Ya kujigamba. Banda langu, mto wangu.

Bahati kanisogezea kiti. "Babu, walijua mtu wa huku hawezi kupuuza msiba. Hata mimi ningebonyeza." Nimemshukuru. Lakini yeye asingepiga ile simu.

Simu imebaki kwao, ushahidi. Sasa wanawatafuta wa ukoo wote waliobonyeza, mmoja mmoja. Wote niliwatumia mimi. Masanja bado kimya. Ugali haushuki.

Jumapili, 9 Machi
Neema kaja baada ya ibada. Simu yake kaiacha kwa mwinjilisti kabla ya kuingia kwangu. Tumekula kwanza. Kisha kaniambia Masanja yu hai. Alikuwa mtoni ananawa alipoliona gari, akalala kwenye matete mpaka likaondoka. Akatembea kwa miguu, akaazima simu ya watu. Sasa kafichwa pengine. Kama bado atasimama mahakamani, hajasema. Anaogopa.

Nimefurahi, machozi yamenitoka, nikasingizia moshi. Nimemwambia Neema wasimpikie mlenda, Masanja hali mlenda.

Kasema atawaambia.

Hakunitajia mahali alipo. Sikuuliza. Nimemwongezea chai.