Nani Anaogopa?

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Mlali bibi yako hajambo, na kabichi zimekubali. Umeniuliza kama na mimi niliwahi kuogopa Kiingereza.

Sana! Enzi za ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa, mwekezaji alichukua kiwanda mjini, akataka usaili wa Kiingereza. Mimi nilikuwa mkulima wa kabichi tu, niliishia darasa la nne. Nikaenda kwa mwalimu mmoja wa Bigwa, akatufundisha virai na vishazi. Siku moja akanisimamisha mbele ya wenzangu.

"Sema unaogopa."

Nikasema, "Afraid."

Wakacheka.

"Hicho kirai tu, bwana kabichi! Nani anaogopa?"

"Mimi, mwalimu."

"Sasa mbona umejificha?"

Kumbe kwetu ukisema "naogopa" umemaliza; wewe umo humo humo ndani ya neno, hakuna anayekuona. Kwa Kiingereza unatangulia mbele, peke yako, kwa herufi kubwa: "I".

Siku ya usaili yule mwekezaji, mzungu, akaniuliza kitu, sikuambulia hata neno. Nikasema, "I am afraid."

Kazi sikupata, mjukuu wangu. Ila ile sentensi ilikuwa nzima, na aliyekuwemo ni mimi.

Babu yako, anayeogopa utaisahihisha barua hii.