Kompyuta Uliyoniachia

Makongeni, Thika
Alhamisi jioni

Ndugu yangu Githinji,

Pokea salamu zangu, za Mama, na za Maggie, ambaye amekataa kukusalimia lakini mimi nimeamua kukusalimia kwa niaba yake hivyo hivyo. Natumai u mzima popote ulipo, unakula vizuri na unavaa sweta, maana baridi ya mwezi huu si ya mchezo. Mimi mwili ni mzima. Kwa roho tuko vile watu huwa wakifiwa. Mama anaamka, anaoga, anaketi na wageni, anasema asante. Maggie ndiye wa chai, na anamkasirikia kila mtu anayeomba kikombe cha pili.

Sitakutangazia habari za Baba kwa sababu najua zimekufikia. Nimejuaje nitakuambia, usinikimbize. Kwanza wacha nikueleze vile hii kompyuta yako imenitesa, kwa sababu nisiposema nitapasuka.

Naiita yako ingawa iko kwa duka langu. Wewe ndiye uliyekuja ukaipata imejaa virusi vya flashi za wateja, ukafuta Windows yote kabla sijamaliza kusema ngoja, ukaniwekea Linux. Ukasema hii haisumbuliwi na virusi, hii ni ya bure, kwa hii nitakushukuru siku moja. Halafu mkakosana na Baba, ukaenda zako, ukabadilisha namba, na mimi nikabaki na mashine ambayo fundi yeyote wa hapa Thika nikimpelekea anaiangalia kana kwamba nimemletea ng'ombe kwa gereji. Ushauri wako ulikuwa mmoja tu: nikikwama niulize mtandaoni, kwa sababu watu wa Linux wanasaidiana. Haki ya Mungu, Githinji. Wanasaidiana!

Kazi ya programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na wasifu, unaijua, nusu ya Makongeni nimeizika kwa karatasi. Kwa hivyo kamati ya mazishi ilipoketi pale nyumbani Murera, hakuna aliyeuliza nani atatengeneza ya Baba. Na wasifu ulikuwa tayari, kwa sababu Baba alijisimulia mwenyewe. Alipoona dawa hazimsaidii aliniita nyumbani, nikabeba hii kompyuta ya kupakata, nikapitisha waya wa stima dirishani maana betri yake ilikufa zamani, tukakaa nje kwa jua, yeye anasema na mimi naandika. Alisema hataki kusimuliwa na Uncle Macharia, kwa sababu Macharia angemfanya mzee wa kanisa tangu tumboni mwa mama yake. Akasimulia vile alivyofukuzwa kazi kwa shamba la kahawa Ruiru kwa kumpigia msimamizi kelele, na vile Mama alimkataa mara ya kwanza. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Alipofika kwa watoto aliniambia niandike hivi: kifungua mimba, Githinji, fundi wa kompyuta. Nikamuuliza kama ana uhakika, kwa sababu nakumbuka yale maneno aliyokuambia ulipokataa kurudi chuo cha umeme. Akaniuliza kwani mimi ni karani au ni hakimu. Nikaandika.

Sasa Uncle Macharia, mwenyekiti wa kamati kwa kujichagua, naye alikuja na wasifu wake aliouandika kwa mkono. Katika huo wasifu, ndugu yake ana watoto wawili tu, mimi na Maggie. Akasema mtoto ambaye hajakanyaga boma tangu aondoke hawezi kusomwa mbele ya watu. Mimi nilikataa. Nikasema kuna maneno ya Baba mwenyewe, nitayaleta. Akasema sawa, niyalete kamati isome, la sivyo utachapishwa wake. Kwa hivyo unaona, wakati nahangaika na hii takataka yako, nilikuwa nahangaikia jina lako.

Nikafungua duka, nikawasha. Kompyuta ikaniambia kuna masasisho, niyaweke? Laiti ningekataa! Lakini mkono ulibonyeza ndiyo kabla akili haijafika. Katikati ya hayo masasisho stima ikapotea Makongeni nzima. Iliporudi, skrini ilikuwa nyeusi, na maandishi madogo meupe ambayo hata uyasome vipi hayakuambii kitu. Nikazima, nikawasha. Yale yale. Nikaomba, nikawasha. Yale yale.

Basi nikatafuta hao watu wako wa kusaidiana. Nikapata grupu moja kwa Telegram, linaitwa Pengwini wa Thika Road, kumbe huyo ndege ndiye nembo ya Linux yenu, lina watu wengi ajabu. Nikaingia kwa jina la duka, nikaandika hamjambo wenyewe, nikangoja. Unajua mtu akibisha hodi kwa watu husalimia, husalimiwa, ndipo aseme shida yake. Nikangoja asubuhi nzima. Naona wengine wanaingia, wanaulizana mambo ya printa, wananipita tu. Nikasalimia tena, nikauliza familia ziko aje. Ndipo msimamizi wao, Nicanor, akaniambia nisome sheria zilizobandikwa pale juu: salamu hazihitajiki, mtu aulize swali lake moja kwa moja. Salamu hazihitajiki! Aai, hao watu walilelewa wapi?

Nikaeleza. Sikusema ni Baba, kwa sababu sikutaka kulia mbele ya watu nisiowajua. Nilisema tu nina kazi ya mazishi, ya haraka, na kompyuta haifunguki. Nikapiga picha ya skrini kwa simu nikatuma. Mmoja akalalamika picha imelala upande. Mwingine, Owino, akaniambia shida si stima, shida ni aina ya Linux niliyo nayo, nitoe hiyo niweke anayotumia yeye. Hapo wengine wakamrukia, kila mtu anatetea yake, wakabishana kama watu wa mpira, na mimi niko hapo kwa kiti na skrini nyeusi. Nilipowakumbusha kwamba kuna maiti inangoja, Owino aliniomba msamaha vizuri sana, kisha akarudi kubishana.

Halafu akatokea mmoja anajiita Mfalme wa Terminal. Huyo alikuwa mpole kuliko wote. Akaniita madam, akanipa mstari mmoja mfupi wa amri, wa kuandika pale kwa skrini nyeusi, akasema utasafisha kila kitu na mashine itaamka. Nikauandika. Lakini mimi kwa kazi yangu sichapishi kitu kabla mwenyewe hajakisoma, hata kama ni kadi ya harusi, kwa hivyo kabla sijabonyeza nikapiga picha nikawatumia, nikawauliza kama herufi ziko sawa.

Ndipo mtu anayeitwa Fundi Bubu akaingia. Hana picha, hana salamu, na kwa herufi kubwa tupu aliniamuru nitoe mikono kwa kibodi. Akaeleza kwamba ule mstari ungefuta diski yote, hata picha moja isingebaki. Nicanor akamfukuza yule Mfalme pale pale. Mimi nilipiga kelele mpaka jirani yangu kinyozi akaja kuniuliza kama nimeibiwa. Mtu anaweza kumfanyia hivyo mwenye msiba, kwa kujichekesha tu! Bado namtafutia laana inayomtosha.

Usidhani basi huyo Fundi Bubu alinibembeleza. Kitu cha kwanza aliniuliza kopi ya hiyo kazi iko wapi. Nikasema hakuna. Akaniambia mbele ya watu wote kwamba mtu anayekula kwa kuchapisha na hana kopi ni mtu anayecheza. Nilitaka kumjibu nikakumbuka shida ni yangu. Akasema nitafute flashi tupu na kompyuta nyingine iliyo nzima. Nikafunga duka nikaenda mpaka Ruiru kwa Lynn, yule tuliyesoma naye, anayeuza simu karibu na steji. Tukakaa kwa kaunta yake, Fundi Bubu anaagiza kwa ujumbe, Lynn anabonyeza, wateja wanatuangalia, mpaka Linux mpya ikaingia kwa ile flashi. Lynn alisema huyo mtu ana kiburi. Nikamwambia mwache, angalau anajua.

Nikarudi Makongeni, nikawasha kwa hiyo flashi. Akaniambia tutaweka mfumo upya kwa sehemu ya kwanza ya diski, na vitu vyangu viko sehemu ya pili, ile inayoitwa Mukimo, hiyo nisiiguse hata kwa bahati mbaya. Nikafuata kila neno. Nikikosea ananifokea, nikipatia anasema tu haya, endelea. Na mashine ikaamka, Githinji. Duka langu lote likawa mle ndani, na faili ya Baba iko mahali pake. Nililia kwa sauti, kinyozi akaja tena.

Kwa furaha nikataka kuwaonyesha wale watu kwamba hawakupoteza muda wao. Nikapiga picha ya ukurasa wa kwanza, ile picha ya Baba akiwa na kofia ya kijivu, na jina lake chini kwa herufi kubwa, Mzee Njau, nikaituma grupuni, nikasema huyu ndiye baba yangu, mmenisaidia kumzika vizuri. Pole zikamiminika. Owino aliandika sala ndefu, nikamsamehe. Nicanor akasema ametoa ruhusa watu wanisalimie. Fundi Bubu peke yake hakusema kitu. Nilikuwa naona pale juu anaandika, anaacha, anaandika tena, anaacha. Baadaye akanitumia ujumbe wa pembeni, neno moja, akiuliza lini. Nikadhani ni mtu mwenye adabu anataka kutuma rambirambi. Nikamjibu Jumamosi, nyumbani Murera. Akanyamaza, na mpaka sasa amenyamaza.

Leo asubuhi nilipokuwa napanga kurasa, jicho langu likatua kando ya skrini, pale majina ya sehemu za diski yanapokaa. Mukimo. Nikajiuliza yule mtu aliijuaje, na mimi wakati ule sikuwa nimemtumia picha yoyote ya diski, wala mimi mwenyewe sikujua kuna kitu kinaitwa hivyo. Ndipo nikakumbuka siku ile unaiweka hiyo Linux, sahani yangu ya mukimo, viazi nilivyoponda na mahindi, iko magotini mwako, unalalamika haina chumvi na bado unamaliza. Wewe ndiye uliyeipa hiyo sehemu jina hilo.

Ni wewe, Githinji. Ulijua ni mimi tangu ulipoona jina la duka. Ukanisimamia mpaka mwisho kama mtu baki, ukidhani ni kazi ya mteja, na mimi nikakubandikia kifo cha baba yako usoni, katikati ya watu wanaouliza mambo ya printa. Kwa hilo ninakupa pole, na pole yenyewe inaniuma. Hakuna mtu anafaa kusikia hivyo. Tulikutafuta kwa kila namba tuliyokuwa nayo.

Lakini pia nimekasirika, na siwezi kukuficha. Nimerudi nyuma kwa hilo grupu nikasoma. Umekuwa pale miaka yote. Umemsaidia mwanamke wa Nakuru na spika zake. Umemvumilia mwalimu wa kule Kahawa Sukari ambaye hata kuzima kompyuta hakujua. Watu wote hao uliwajibu, na Baba alikuwa kila gari ikipunguza mwendo karibu na geti anauliza ni nani. Alikuwa ameshaacha hasira, wewe! Aliiacha zamani. Ni vile hakujua mahali pa kukupata akuambie, na sisi pia hatukujua, kumbe uko kwa simu yangu.

Programu zimeshatoka zote. Kamati ilisoma wasifu, Uncle Macharia akasafisha koo, na Mama akasema huo ndio wasifu na hakuna mwingine. Hilo limeisha. Lakini ukurasa wa ratiba niliupanga mwisho, hakuna aliyeuona, na hapa nakiri kwako jambo ambalo sitamwambia mtu mwingine kabla ya Jumamosi. Pale penye kusoma wasifu wa marehemu, kamati ilikuwa imemweka Uncle Macharia. Nimemtoa. Nimeandika Githinji, mwana wa kwanza. Makatoni yako hapa miguuni mwangu, yamefungwa, hayawezi kurudi nyuma. MC atasimama mbele ya watu wote, ataita jina lako, na watu watageuka kuangalia. Ukiwa haupo, sijui nitafanya nini.

Barua hii siitumi kwa ile anwani yako ya zamani ambayo hurudisha kila kitu. Naituma kwa Fundi Bubu, kwa sababu huyo najua anasoma. Ibada inaanza asubuhi. Njoo na koti, Murera kuna upepo. Usihangaike kutafuta maneno ya kujitetea, hakuna atakayekuuliza isipokuwa Maggie, na Maggie utamzoea tena.

Mungu akulinde njiani. Wasalimie unaoishi nao, kama wapo. Mama hajui nimekupata, Maggie tu ndiye nimemwambia; salamu za Mama pale juu nimezitunga mimi. Sijamwambia, kwa sababu sitaki aanze kusikiliza geti kama Baba.

Mimi dadako,
Idah