Mkono wa Kushoto wa Mboni

Lindi, Machi 1954

Stefania, sitoki humu chumbani mpaka daktari arudi, ndiyo maana nakutumia vikaratasi huko wodini. Nimeharibu. Nimeharibu kabisa!

Unamkumbuka Mboni, yule mtoto wa Mitole aliyeumia ubongo wakati wa kuzaliwa? Leo tumempima anachoweza na asichoweza. Anayeweza kula mwenyewe anapelekwa Dar es Salaam kufundishwa kutembea. Asiyeweza anarudishwa nyumbani, basi.

Nikamwekea bakuli la uji na kijiko. Mkono wake wa kulia umekakamaa, vidole havifunguki. Akapeleka wa kushoto. Na mimi, Stefania, nikampiga kikofi mkononi! “Si huo!” Sikufikiri hata kidogo, sauti ilinitoka kama ya mama. “Si huo!”

Akauficha chini ya kanga ya bibi yake. Nikaandika kwenye fomu: hawezi kula mwenyewe. Daktari akatia sahihi palepale, akaenda zake kula.

Ngoja, sijamaliza. Nilitoka kunawa, na wakati narudi nikachungulia mlangoni. Bibi amesinzia. Mtoto anakula uji kwa mkono wa kushoto, mbio mbio, hata tone halimwagiki!

Akaniona. Akakiweka kijiko chini taratibu.

“Nisamehe, dada. Sirudii tena.”

Mtoto ananiomba msamaha kwa sababu anaweza kula, Stefania!

Nasikia viatu vya daktari barazani. Fomu yenye sahihi yake nimeshaichana.

Apolonia