Spika Zangu na Gari la Bibi Harusi

Wilkin, leo mjinga nilikuwa mimi, usitafute mwingine.

Saa kumi nilitakiwa kumpeleka shemeji Yocasta kanisani, anaolewa. Saa tisa mimi niko uani na laptopu, naiwekea kompyuta ya gari programu mpya ili liongeze mbio.

Na zile spika za kwenye buti nimeziacha zinapiga muziki wa bachata mtaa mzima. Kwa betri hiyohiyo ya gari, Wilkin. Hiyohiyo!

Betri ikaisha, programu ikakatika njiani. Gari haliwaki, hata honi halipigi.

Yocasta kasimama na shela lake. Nikamwambia mama mkwe, "Doña Eufemia, mbona programu ilishafika asilimia tisini na mbili."

Akanitazama. "Basi tangulia kanisani, kamwambie padri bibi harusi naye kafika asilimia tisini na mbili."