Jibu Langu kwa Profesa Kuhusu Taa za Bluu

Jumamosi, Nsemulwa. Mvua imeanza alfajiri na bati la dada Skola linapiga kelele mpaka tunaongea kwa kupaza sauti. Mimi nina amani ambayo sikuitegemea.

Nimekuja nyumbani kwa ajili ya komunio ya kwanza ya mtoto wa dada, kesho, ila maabara imenifuata hadi huku Mpanda. Profesa anayenisimamia alitaka leo nimjibu: nihamie taa za kijani, au nibaki na za bluu kwa hasara yangu mwenyewe. Si mtu mbaya. Ananionea huruma tu.

Perovskaiti, zile fuwele tunazotengenezea taa, zinatoa kijani bila matata. Bluu ndiyo korofi. Kuipata tunachanganya bromini na klorini. Ukipitisha umeme, hivyo viwili vinaachana, taa inageuka kijani, halafu inakufa.

Nimewahi kulia chooni kwa sababu ya kijani hicho.

Kabla ya kusafiri nilitengeneza taa nyingine, safari hii nikatia chumvi ya kuziba mapengo ndani ya fuwele, klorini ikose pa kupita. Nikamwachia Neema, mwenzangu wa maabara, aziwashe leo.

Asubuhi, tukichambua mchele wa sherehe, nilimweleza dada yote. Akauliza kwa nini nang'ang'ania bluu. Nikamwambia bila bluu hupati mwanga mweupe, hata kioo cha simu yake kisingeonyesha rangi zote. Akapepeta kwanza.

"Sasa kama unajua inahitajika, unamwogopa nani?"

Sikusubiri majibu ya Neema. Nilimpigia Profesa nikamwambia, kwa heshima zote, nabaki na bluu. Akasema sawa, ila nisije kumlaumu.

Neema alipiga tukiwa tunakula mchana. Akasema taa zimezimika zote. Tonge likanibaki mkononi.

"Lakini zimekufa zikiwa bluu," akaendelea. "Hazikugeuka hata kidogo."

Nilimwomba arudie.

Zimedumu kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Bado ni muda mfupi mno kwa taa ya kuuza, najua. Ila rangi imetulia. Kinachoziua sasa ni kitu kingine, nahisi ni joto, na nikirudi maabara naanza na hilo.

Dada aliniuliza kama ni habari njema au mbaya. Nikamwambia njema, nikaomba aniongeze ugali.