Boliti Alizokaza Kassian

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Leo mume wangu kafungua kava la injini kwa mara ya kwanza tangu apigwe na kiharusi mwezi wa tano. Kassian huyu! Kilindoni nzima ilishamzika kifundi. Pikipiki ni ya Shaabani, kijana wa bodaboda, klachi imeisha. Boliti moja imeshikwa na kutu ya chumvi – kaimwagia mafuta ya taa na kuingoja kwa subira kuliko anavyoningoja mimi nikijiandaa kwenda kanisani. Kila boliti kaichomeka kwenye kipande cha boksi alichochora umbo la kava: ndefu mahali pake, fupi mahali pake. Miaka kumi na moja namkabidhi spana, namwona akifanya hivyo. Nilitokwa machozi, nikasingizia moshi.

Kukaza kakaza mwenyewe. Kwa mkono wa kulia, ule ule mgonjwa. Nikamtazama, nikaendelea kufuta spana.

Jumanne, 2 Septemba
Shaabani karudi asubuhi. Shikamoo yake tu ilitosha kunijulisha kuna jambo. Oili imemchuruzikia abiria, kanzu imeharibika. Bahati Kassian alikuwa hospitali, kwenye mazoezi ya mkono.

Nimefungua mwenyewe. Boliti tatu zinatoka kwa vidole! Ya nne kaikaza mpaka uzi wa ndani ya tundu lake umekatika. Nikaelewa. Mkono hausikii. Haujui boliti imeshika au bado, kwa hiyo anakisia. Mtu wa miaka ishirini ya kazi, anakisia! Roho imeniuma.

Nimekata gasketi mpya ya karatasi ngumu, ya kuzibia oili. Ile iliyokatika uzi nimeiwekea boliti ndefu kidogo, ikashika kule chini. Nimekaza msalaba, moja huku, nyingine upande wa pili, kama alivyonifundisha yeye. Nimemwomba Shaabani asimwambie. Kasema sawa mama, ila mimi nabeba watu.

Ijumaa, 5 Septemba
Pikipiki mbili leo. Kassian akifunga kava, anakwenda kulala mchana kama daktari alivyoagiza. Akianza kukoroma tu, mimi huyo! Nalegeza zote, nakaza upya. Robo saa. Saleha wa vitumbua, kibanda cha jirani, ananitazama huku akigeuza vitumbua.

Hakuna inayovuja. Kassian kapiga mluzi jioni nzima. Kala sahani mbili.

Jumapili, 7 Septemba
Kanisani. Nimepiga magoti nisijue niombe msamaha kwa lipi. Kwa kumdanganya? Mbona tangu Jumanne hajanikaripia hata mara moja, na usiku analala. Mama alikuwa akisema njia ya mwongo ni fupi. Nami bado natembea.

Jumatano, 10 Septemba
Balaa! Kaja mtu wa Kiegeani, Muhidini. Pikipiki yake ndiyo inayowaleta wajawazito hospitali. Kasikia kava za fundi Kassian hazivuji hata tone. Anataka Kassian aende kijijini kwao Jumamosi, kuna pikipiki nne, ya kwake ikiwamo. Watamfuata na kumrudisha.

Nikasema tutakwenda wote. Kassian kacheka, kaniambia: Mama Rabson, ukienda kule utafanya nini? Nani kakaza hizi zote wiki hii? Mbele ya mgeni! Nimecheka na mimi. Nimecheka kweli, mjinga mimi.

Nimemjaza kiburi mwenyewe kwa mikono yangu. Kule hakuna wa kurudia nyuma yake. Oili ikiisha njiani injini inajifunga, gurudumu linakwama, na nyuma kaketi mwanamke mwenye mimba. Shaabani alisema – mimi nabeba watu. Nitamwambia kesho. Nikimwambia namvunja. Nisipomwambia, atavunjika mwingine. Kesho.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimechelewa.

Asubuhi nimemkuta kachuchumaa kwenye pikipiki aliyoifunga jana. Mimi nikairudia alipolala, kwa haraka, kichwa kimejaa Kiegeani. Nimemwamkia, hakugeuza kichwa. Saleha kapita, kaninong'oneza: jana mumeo kaniomba rangi ya kucha, nikajua anakuletea wewe.

Rangi ya kucha! Nikainama. Kila boliti ina mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, unaanzia kichwani unaingia kwenye kava. Mafundi huweka hivyo wapate kujua kama boliti imeguswa. Jana hata sikuuona. Sasa mistari yote imeachana. Nusu huku, nusu kule. Boliti zote kumi.

Hakugomba. Heri angegomba, nimezoea. Kaniuliza tu: tangu lini?

Nikamwambia ngoja kwanza, chai itamwagika. Hakuna chai. Jiko sijawasha. Niko jikoni naandika kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani.

Namsikia anafungua. Moja. Ya pili. Ya tatu. Anazihesabu kwa sauti, na kila moja anaipima ilivyokazwa. Sasa kaweka spana chini.

Angejua tu kwamba sikumcheka hata siku moja! Hilo ndilo nitakaloanza nalo. Hapana – nianze na Shaabani. Hapana, nianze na kanzu ya yule abiria.

Ananiita. Hajasema Mama Rabson kama siku zote. Kasema, Specioza, njoo na spana yako.

Mimi sina spana, zote ni za –