Karatasi ya Chini

Bujumbura, Bwiza
9 Juni 1997

Mdogo wangu Mirindi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba baridi ya Nairobi haijakukaa kifuani kama mwaka jana. Sisi hapa tuko. Mama anatembea mpaka uani na kurudi. Miguu inamvimba kidogo, lakini anakula vizuri na mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Karatasi zako zimefika. Siti, yule binti wa mzee Sleiman mwenye duka la vitambaa Buyenzi, amezipitisha Kigali chini ya marobota ya mitumba, na namna alivyoongea na watu wa mpakani anajua mwenyewe. Tangu nchi jirani zitufungie njia kwa vikwazo vyao sikuwa na hata rimu moja, mashine ya kuchapia nimeifunika shuka. Basi nikaifunua, nikachapa bono, zile hati za kutolea mali stoo, za lile shirika la Kinindo, seti za karatasi tatu tatu, uandike ya juu na za chini zijinakili zenyewe, nikazipeleka mwenyewe nikiwa nimevaa kitenge changu kizuri.

Zimerudishwa zote. Karatasi ya kwanza inasomeka, hiyo hata mtoto angeiweza. Ya pili unaona kama mtu kaandika kwa moshi. Ya tatu ni nyeupe. Bwana Zénon, mkuu wa stoo yao, aliniuliza mbele ya watu, na kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi: "Madame, hii ya tatu ni ya nini? Ya kufungia karanga?"

Ndiyo maana nakuandikia kwenye hizo hizo. Nimepanga mbili: ya juu nabaki nayo mimi, ya chini nakutumia wewe, uone kwa macho yako kazi ya mikono yako. Ukishindwa kusoma, usiniulize niliandika nini.

Na lingine. Tangu uondoke hatujakuona. Utakuja lini?

Yaya wako, dada mkubwa wa pekee uliye naye,
Béatrice

---

Nairobi
3 Agosti 1997

Yaya Béatrice,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima, kifua kimepona, kazi inaendelea. Pole kwa aibu ya Kinindo. Barua yako nimeisoma yote. Salamu zako zimetoka hafifu sana, lakini malalamiko yote yamefika vizuri, mengine nusura yatoboe karatasi. Nimecheka mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini.

Usiilaumu karatasi kabla ya kuijua. Mgongo wa karatasi ya juu umepakwa vidonge vidogo mno, huvioni wala huvisikii kwa kidole, na ndani ya kila kimoja mna mafuta yenye rangi ambayo bado haijawa rangi. Uso wa karatasi ya chini umepakwa udongo wa namna yake. Kalamu ikibonyeza, vidonge vinapasuka, mafuta yanagusa udongo, papo hapo yanageuka bluu. Visipopasuka, hupati kitu. Mimi kazi yangu ni kusimama kwenye mashine inayopaka, nione upakaji hauzidi wala haupungui. Hizo nilizokutumia upakaji ulitoka mwepesi, kiwanda kikazikataa, nami nikaziomba kwa ajili yako. Nzuri zaidi nisingezipata.

Kwa hiyo bonyezeni. Weka bati au ubao chini, si lundo la karatasi. Tumia kalamu ya biki. Na usipange mizigo juu ya marimu, vidonge vitapasuka bure.

Unaniuliza nitakuja lini, na jibu unalijua. Asubuhi ile ya Aprili mwaka juzi, vijana wa Bwiza walipokuwa wanakimbia mauaji, nilisimama mbele ya chumba cha mama na begi mkononi. Nilipiga hodi, nikamwita. Alikuwa ndani, nilimsikia akikohoa. Hakufungua. Nimeondoka bila baraka yake, na mpaka leo hajaniandikia hata salamu, yeye aliyefundishwa kuandika na masista na mwenye mwandiko mzuri kutushinda sote. Wewe unaniita, nakushukuru. Lakini nitakuja siku mama mwenyewe ataniita.

Mdogo wako,
Mirindi

---

Bujumbura
16 Novemba 1997

Mdogo wangu Mirindi,

Nakusalimu tena, hujambo? Nasikia mvua huko imevunja madaraja. Huku inanyesha pia, na karatasi zako zinanyonya unyevu kuliko nguo.

Tunabonyeza. Nimeweka bati, kidole kimeota sugu, na barua hii naiandika kama nachimba shimo. Zénon nimempa somo lako lote la vidonge na udongo. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema makarani wake si wahunzi. Tena akaniambia kama Noeli itafika hana bono zinazosomeka, atatafuta imprimerie nyingine ya kumchapia. Natamani ungekuwepo umjibu wewe.

Sasa ya nyumbani. Mama hafiki tena uani. Maji yamejaa miguuni, daktari anasema ni moyo. Barua yako nilimsomea yote, hata pale pa mlango. Niliona afadhali asikie. Leo tumetoka misa, nimemkuta ameketi, ameegemea mto. Akaniambia, "Lete kalamu. Nitamuandikia." Nikamwambia aseme tu, mimi niandike. Akasema, "Apana. Alisema mi mwenyewe."

Basi yangu yanaishia hapa. Nusu ya chini ya karatasi nimemwachia yeye. Ameniamuru nisisome, na safari hii ya juu atabaki nayo mwenyewe. Ya chini nitaikunja bila kuangalia, maana hayo si yangu.

Yaya wako,
Béatrice

Hapa chini anaandika mama.

---

Nairobi
11 Januari 1998

Yaya Béatrice,

Natumaini mmeuanza mwaka salama na mama amepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili.

Siti aliniletea barua mpaka kwenye geti la kiwanda, siku moja kabla ya Noeli. Nilisoma yako haraka haraka nifike kwa mama. "Hapa chini anaandika mama," umesema. Baada ya hapo ni nyeupe. Niligeuza nyuma, nyeupe. Nilitazama ndani ya bahasha kama kuna karatasi nyingine, hakuna.

Nilikuwa nimekwisha kuomba likizo. Nilisubiri neno moja tu, hata kama lingekuwa la kunigombeza. Sasa nimeelewa. Umempa kalamu, ameishika, amefikiri, na hakuona la kuniambia. Kama alitaka nijue kwamba mlango bado umefungwa, nimejua. Likizo nimeirudisha.

Zénon mpe salamu zangu. Mwambie karatasi nyeupe zinanipata na mimi.

Mdogo wako,
Mirindi

---

Bujumbura
2 Machi 1998

Mirindi,

Leo sikusalimu.

Mama amefariki mwezi uliopita. Tumemzika. Watu wa Bwiza wamekuja wote, na wale waliokimbilia Uvira wakarudi, wamevuka mpaka kwa ajili ya mama. Kila mmoja aliniuliza uko wapi. Nilisema njia mbaya.

Barua yako ilifika mama angali hai. Kila lori la Siti lilipoingia aliuliza, "Mirindi amejibu?" Nilikuwa nimeificha chini ya mashine. Nilimwambia njia imefungwa, mama, subiri kidogo. Nimemdanganya mgonjwa anayekufa kwa sababu yako, kwa sababu nisingeweza kumsomea upuuzi ule.

Unasema nyeupe. Mimi nilikuwepo. Nilisimama dirishani nimempa mgongo kama alivyotaka, lakini nilisikia. Aliandika mpaka uji wake ukapoa. Kalamu ilimtoka mkononi ikaanguka, nikaiokota, akaendelea. Mkono ule haukuweza tena kushika kijiko, mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha, lakini kwako aliandika. Alipomaliza alilala bila kula. Kama maneno yake yamekuuma, sema yamekuuma, mimi ni dada yako ningekuelewa. Kusema hakuandika kitu ni ubaya ambao sikujua unao.

Shirika la Kinindo limekwenda kwa mwingine. Karatasi zako zilizobaki nimempa Siti afungie sabuni.

Usiniandikie.

Béatrice

---

Nairobi
29 Machi 1998

Yaya wangu,

Najua umenikataza. Vumilia, soma hii, halafu uichane.

Mungu amlaze mama pema. Nimelia, na sina mtu hapa wa kulia naye, maana nani huku anamjua mama? Nakupa pole wewe uliyembeba mpaka mwisho peke yako. Sitasema zaidi, sina haki.

Umeandika kwamba mkono wake haukuweza kushika kijiko. Sentensi hiyo niliisoma nimesimama pale kwenye mashine, karatasi zikipita mbele yangu. Nilikuwa nimebakiza seti chache za upakaji ule ule niliokutumia. Nilichukua moja, nikashika kalamu kwa ncha za vidole viwili, nikaandika jina langu bila kukandamiza, taratibu, kama anavyoandika mtu asiye na nguvu. Juu limesomeka vizuri kabisa. Chini hapana kitu.

Yaya, mama aliandika. Vidonge havikupasuka. Wewe ulikuwa na hasira na Zénon, ukakandamiza, yako yote yakanifikia. Yeye hakuwa na nguvu ya kupasua hata kimoja.

Nachukia nafsi yangu kwa jambo moja. Mimi ndiye niliyekufundisha haya. Mimi ndiye niliyecheka kwamba salamu zako zimetoka hafifu na malalamiko yamefika. Kila siku nawaeleza vibarua wapya kwamba karatasi hii haijui maneno, inajua uzito wa mkono tu. Kisha inanijia karatasi nyeupe kutoka kwa mama mgonjwa, na sikujiuliza hata mara moja. Nilikuwa tayari kuamini kwamba hana la kuniambia, kwa hiyo niliamini.

Karatasi ya mama nimeiinamisha kwenye mwanga wa dirisha mpaka macho yakaniuma. Kuna mikwaruzo kidogo pembeni, labda ni mwanzo wa jina langu, labda ni kucha yangu.

Uliandika kwamba ya juu atabaki nayo. Iko wapi? Tafadhali yaya, itafute. Isome, uniambie. Hata kama amenilaani, niambie.

Mdogo wako,
Mirindi

---

Bujumbura
20 Septemba 1998

Mdogo wangu Mirindi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini u mzima, unakula, unalala. Mimi niko. Imprimerie bado inasimama, nachapa kadi za harusi na za misiba, kazi ya karatasi moja moja ambayo hainipi presha.

Najua nimekuchelewesha, na umeteseka. Barua yako nilipoipata nilikuwa bado na hasira. Nilisema unajitafutia sababu, mtu wa kiwanda hakosi maelezo. Halafu nikaenda mwenyewe kwa Siti, nikamwomba karatasi mbili kati ya zile za sabuni, nikaandika polepole kwa mkono wa kushoto. Nikaona. Nikarudi nyumbani nimebeba jambo hilo na sikujua niliweke wapi. Hasira ilikwisha, ukabaki woga. Karatasi yenyewe nilijua iliko, kwenye kitabu chake cha sala, na kitabu kilikuwa juu ya kabati, na nilikipita kila siku nikifagia. Ameniamuru nisisome. Na niliogopa amekuandikia jambo baya, nami ningelazimika kukutumia.

Jana nimekitelemsha. Nakuandikia hapa kama alivyoandika, sijabadilisha neno:

"Mirindi mutoto yangu. Asubui ile nilikuwa macho. Nilisikia unapiga hodi, nilisikia viatu vyako. Sikufungua juu kama ningekuona singeweza kukuacha uende, na walikuwa wanaua vijana. Nilishika kitanda kitanda mpaka ukaenda. Sasa mi nimechoka. Rudi nyumbani, we mutoto. Ni mama yako."

Mwandiko wake unapanda juu kila mwisho wa mstari, na neno "kitanda" amelirudia mara mbili kwa sababu kalamu ilianguka pale. Mimi nilikuwa chumba cha pili asubuhi ile, Mirindi. Miaka yote hii na mimi nilidhani ni kiburi. Kinachoniuma ni kwamba alikufa akifikiri njia ndiyo iliyokuzuia, na ni mimi niliyemwambia hivyo. Labda ilikuwa afadhali. Sijui, na sipati wa kumuuliza.

Karatasi yenyewe, ile ya juu, nimempa Siti akuletee mkononi. Nimemwambia aiweke kifuani, si kwenye marobota. Kwangu sikubakiza nakala. Barua hii nayo nimeiandika kwenye karatasi ya kawaida, haina kitu chini yake.

Ulisema utakuja siku mama mwenyewe atakuita. Amekuita tangu Novemba.

Yaya wako,
Béatrice